Nimekataa ndafu ya baba mkwe kwa sababu ya mashindano

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Pasua hapa Moshi na mke wangu na watoto wetu wawili. Wa kike ana miaka minane, wa kiume minne. Ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya usafirishaji. Nakusoma siku zote, sikudhani ingefika zamu yangu ya kukuandikia.

Shangazi, mimi nabeba vyuma, na si kwa kujifurahisha tu, nashindana kutunisha misuli. Nilianza baada ya kuambiwa hospitali kwamba presha inapanda na kitambi kishushwe. Kitambi chenyewe kilikuwa kikubwa kiasi kwamba madereva wapya walikuwa wananiita meneja. Kikashuka, nikanogewa, na mwaka jana nikapanda jukwaani Arusha kwenye kundi la wale wanaovaa kaptula za ufukweni. Nilishika nafasi ya nne. Shuleni nilikuwa mtoto anayechaguliwa wa mwisho timu zikigawanywa, na siku ile watu nisiowajua walikuwa wanaliita jina langu. Mke wangu alikuwepo, alipiga picha, akaniweka status wiki nzima. Nataka ulijue hilo, kwamba yeye hakuanza kwa kunipinga.

Mwaka huu najiandaa kwa mashindano ya Dar es Salaam, wiki ya pili ya Desemba. Naamka saa kumi na nusu alfajiri nakimbia bila kula, saa mbili niko ofisini. Natoka saa kumi na moja jioni, naunganisha jimu mpaka saa mbili na nusu usiku. Nikifika nyumbani watoto wamelala. Jumamosi ni nusu siku kazini, halafu miguu. Jumapili napika chakula cha wiki nzima na kufanya mazoezi ya mapozi mbele ya kabati la kioo, kwa hiyo mama na watoto wanakwenda kanisani, mimi nabaki na sufuria. Jumuiya nimeacha kwenda, wanajumuiya wanamwuliza mke wangu kama naumwa. Tangu Septemba ianze nimetoka kilo 92 hadi 81, kwa hiyo nawaelewa.

Chakula changu ni cha peke yake: kilo ya kidari cha kuku kwa siku, ute wa mayai ishirini, unga wa protini mara mbili, brokoli, viazi vitamu vya kupimwa. Watoto wameshajua kwamba kuku wa baba haguswi. Viini vya mayai mama yao anawakaangia mpaka wamevichoka. Vitu hivi ni ghali, kopo moja la protini ni zaidi ya laki mbili, ndiyo maana nilikopa milioni moja na laki mbili SACCOS ya kazini, makato yataisha Agosti. Hilo mke wangu hajalijua, sijapata muda mzuri wa kumwambia.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mwezi huu tulikuwa na sherehe ya kipaimara ya binti wa shemeji yangu, Kibosho. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ikaletwa, baba mkwe akakata mwenyewe, akaniita mbele ya watu, "Mkwe, njoo." Nikamwambia, "Baba, nashukuru, mimi nina chakula changu," nikaonyesha bakuli langu la mfuniko. Shangazi, kelele zote ziliisha pale pale. Mzee alibaki ameshika kile kipande, kisha akampa mtu mwingine. Kwenye gari mke wangu hakusema neno mpaka tunafika mjini, ndipo akasema, "Leo umenivua nguo mbele ya baba yangu. Chagua, jukwaa au nyumba."

Kazini nako nimeharibu. Nilimlipa mtu wa dizeli 4,800,000 badala ya 480,000. Fedha zilirudishwa, lakini nimepewa barua ya onyo. Usiku silali, naangalia video za watu wanaokaanga chipsi. Binti yangu akimwaga maji kidogo tu nafoka mpaka najishangaa. Chumbani sisemi, tunaishi kama kaka na dada.

Mwalimu wangu wa jimu anasema hiyo ndiyo gharama ya ubingwa. Ananitolea mfano wa Ronnie Coleman, kwamba alikuwa askari polisi mwenye zamu kama watu wengine na bado akawa Mr. Olympia, yaani bingwa wa dunia wa kutunisha misuli. Ananiambia wiki ya mwisho nikate maji na nimeze vidonge vya kukojoa ili nikauke. Na zipo sindano ambazo anasema wenzangu wote wanachoma, bila hizo napoteza muda. Sindano bado sijakubali.

Zimebaki wiki nane. Je, mwanaume mwenye ajira na familia anaweza kushindana mchezo huu, au niuache kabisa?

Miraba Minne, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole na njaa. Pole ya kweli, wala sikutanii.

Barua yako ina aya nzima ya ndafu na sentensi mbili za mkopo. Mimi ningezigeuza. Ndafu itasameheka, wazee wa Kibosho wameshaona makubwa kuliko mkwe mwenye bakuli. Lakini fedha iliyokopwa kimya kimya, ambayo makato yake yanapita katikati ya Januari ya ada na sare na madaftari, hiyo mkeo ataikuta siku moja kwenye karatasi ya mshahara, na siku hiyo hatakuambia uchague. Atakuwa ameshachagua yeye. Unasema hujapata muda mzuri. Mwanangu, muda wa kupima viazi kwenye mizani umeupata.

Kwa hiyo kabla ya lolote utakalolisoma huku chini, mwambie. Usimwambie akiwa jikoni wala watoto wakiwa macho, na usianze na historia ndefu ya kwa nini. Sema kiasi, sema makato ni shilingi ngapi kwa mwezi na yanaisha lini, kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Usimwambie kwamba wanaume wengine hukopa kwa ajili ya pombe. Najua hiyo sentensi umeshaiandaa, kila mwanaume huwa nayo mfukoni.

Sasa swali lako. Anaweza. Wapo wengi, walimu, madereva, manesi, wanaopanda jukwaani na Jumatatu wako kazini. Ila nikikusoma naona hukushindwa kugawa saa za siku. Saa zako umezipanga vizuri kuliko wengi. Ulichokosea ni kuuingiza msimu wa mashindano ndani ya nyumba bila wenye nyumba kuambiwa unaanza lini, unaisha lini na unagharimu nini. Mkeo mwaka jana alikupiga picha. Alikuwa upande wako kabla hujaanza kumficha hesabu, na sioni kwa nini asirudi upande huo.

Tuzungumze kuhusu mwili, kwa sababu nadhani hujui unachofanyiwa na hiyo njaa, na mwalimu wako ama hajui ama hajali. Toka 92 hadi 81 kwa wiki sita au saba ni karibu kilo moja na nusu kila wiki, pengine zaidi. Wanaoshauri wanamichezo wa aina yenu hupendekeza mtu apunguze kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 92 hiyo ni chini ya kilo moja. Wewe unakwenda karibu mara mbili ya mwendo huo. Ulichelewa kuanza, sasa unakimbiza, na kinachopotea hapo si mafuta peke yake, na misuli yenyewe unayoihangaikia inakwenda.

Hizo video za chipsi zilinichekesha, halafu zikanikumbusha jambo. Mwaka 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kulishwa nusu shibe kwa miezi sita ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walikuwa watu wapole, wote wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri. Wakawa wagomvi. Wakakosa hamu ya wanawake. Na wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao hapo mwanzo hata kuchemsha maji hawakujali. Kwa hiyo unavyokodolea macho mafuta yanayochemka saa saba usiku, hujarogwa. Una njaa.

Na hilo la chumbani. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa kijana mmoja aliyefuatiliwa miezi sita kabla ya mashindano na miezi sita baada yake, kijana asiyetumia dawa zozote. Mafuta ya mwili wake yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Homoni yake ya kiume, testosteroni, ilishuka mpaka karibu robo ya ilivyokuwa, na hisia zake zikavurugika. Baada ya mashindano, alipoanza kula vizuri, homoni ilirudi katika miezi michache. Mweleze mkeo hilo kwa lugha yenu wenyewe. Mwanamke anayelala kando ya mume asiyemgusa tangu Septemba hafikirii homoni, anafikiria mtu. Ukimya wako umemwachia nafasi kubwa ya kufikiria.

Kuhusu kufoka kwa binti. Njaa inaeleza kwa nini unafoka, haikupi ruhusa. Mtoto wa miaka minane hajui wiki nane zilizobaki ni za nini. Anachojua ni kwamba baba amekonda, ana hasira na ana kuku asiyeguswa.

Basi tufike kwa huyo kuku, maana hapa ndipo mhasibu ameniacha hoi. Umepiga hesabu ya protini yako? Mtu anayejenga mwili anahitaji kati ya gramu 1.6 na 2.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 81 ni kama gramu 130 hadi 178. Tuseme uko kwenye msimu wa kujikausha na unataka kwenda juu kidogo, iwe 200. Kilo moja ya kidari kibichi peke yake ina zaidi ya 220. Ongeza ute wa mayai ishirini, kama 70. Ongeza miko miwili ya unga, karibu 50. Unakula zaidi ya gramu 340 kwa siku, karibu mara mbili ya unachohitaji, na ziada hiyo haiwi misuli, unaichoma kama ambavyo ungechoma ugali, ila kwa bei ya kuku. Nusu ya mkopo wako umeikojoa, mwanangu, nisamehe lugha.

Gramu 180 zinapatikana kwenye sufuria ya nyumbani. Yai zima lina gramu 6, na kiini si sumu. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na soko la Mbuyuni wanauzwa kwa kopo. Maharage, mtindi, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, kuku kidogo siku mbili tatu kwa wiki, akiliwa na wote. Hata ndizi za nyama unaweza kula, ukijipakulia kwa kipimo. Ile sufuria yako ya peke yako iweke kabatini mpaka wiki za mwisho mwisho kabla ya jukwaa, na wakati huo watoto wawe wameambiwa kwa nini. Watoto hupenda kuwa na siri ya kazi. Mwambie binti awe mwenye kupima viazi, uone kama hatakusimamia kuliko mwalimu wako.

Huyo mwalimu naye. Ronnie Coleman ni kweli alikuwa askari polisi wa mji wa Arlington, Texas, alipolitwaa taji la Mr. Olympia kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na alilichukua mara nane mfululizo. Lakini yeye alilipwa kwa kushinda, wewe unalipa ili ushiriki. Na mwalimu akimalizia hadithi yake angekwambia pia kwamba bingwa huyo amepasuliwa mgongo mara nyingi na leo kutembea kwake ni kwa shida. Mfano huletwa mzima, hauletwi kipande kinachokufaa.

Vidonge vya kukojoa usimeze. Hapa sitafuni maneno. Dawa hizo hutolewa hospitali kwa wagonjwa wa moyo na presha, na wanapozimeza hupimwa, kwa sababu maji yakitoka hutoka na madini ya potasiamu, na potasiamu ikiyumba moyo unaweza kusimama. Mohammed Benaziza, mmoja wa wakali wa mchezo huo duniani, alikufa Oktoba 1992 huko Uholanzi saa chache baada ya kushinda jukwaani, akiwa amekausha maji mwilini. Wewe ulianza mchezo huu kwa sababu ya presha, halafu unataka kukaa kwenye basi karibu kilomita 550 kwenda Dar, joto la Desemba, bila maji. Kuhusu sindano, umesema "bado" sijakubali. Futa hilo "bado". Zinaziba utengenezaji wa homoni yako mwenyewe, zinaharibu uzazi, zinanenepesha misuli ya moyo vibaya. Na mwalimu anayekwambia wote wanachoma, anakuuzia nani? Chunguza kama muuzaji si yeye.

Sasa Desemba yenyewe. Uamuzi si wangu, na baada ya kumweleza mkeo habari za mkopo hautakuwa wako peke yako. Lakini umeniuliza, nitasema. Ningekuwa wewe nisingepanda jukwaa hili.

Sisemi hivyo kwa ajili ya ndafu. Umeshakonda kwa pupa, una barua ya onyo kazini, na kosa la pili la tarakimu linaweza kukuondoa kwenye kiti kinachowalisha. Halafu tazama kalenda kama mtu wa Moshi. Unashuka jukwaani wiki ya pili ya Desemba, na wiki inayofuata mji wote unapanda mlimani kwa Krismasi. Mtori, kisusio, ndafu, mbege, kila nyumba unayopita unapewa bakuli. Mwili uliotoka kwenye njaa ya miezi mitatu hauna breki. Wengi hurudisha kilo nyingi kwa siku chache, wakavimba miguu, wakaingia na huzuni juu yake. Utafika kwa wakwe ama ukiwa na bakuli lako tena, ama ukila kama mtu aliyefunguliwa. Na baada ya hapo Januari inakusubiri na ada. Kama kuna mwezi mbaya kuliko yote kwa Mchagga kushindana kutunisha misuli, ni huo. Tafuta mashindano ya katikati ya mwaka. Anza maandalizi miezi minne kabla, polepole, ushuke nusu kilo kwa wiki, na fedha yake uiweke akiba kidogo kidogo kuanzia leo huku ukilipa mkopo.

Ukiacha Desemba misuli haikimbii. Waliopima jambo hili waliona kwamba vijana waliopunguza kazi mpaka theluthi ya ile iliyowajenga walibaki na nguvu na misuli yao, ili mradi uzito wa vyuma hawakuushusha. Kwa hiyo nje ya msimu siku tatu za jimu kwa wiki, saa moja na dakika chache kila siku, zinakutosha kabisa. Nenda Jumatatu na Jumatano na Ijumaa kwa mfano, ukiwa nyumbani saa moja na nusu jioni, watoto wako macho. Kukimbia alfajiri bila kula hakuna maajabu, mafuta hayajali saa. Mpeleke binti shuleni kwa miguu, mwendo wa haraka, mtoke mapema. Hiyo ndiyo iwe kadio yako, na mtapata muda wa kuzungumza pia.

Kuna hesabu nyingine ambayo hukuiandika kabisa. Kila saa uliyokaa jimu, mtu alikuwa anaogesha watoto, anakagua kazi za shule, anajibu wanajumuiya kwamba huumwi. Saa zako amezilipa yeye. Mkeo anapenda nini? Barua nzima sijaona. Kwaya, VICOBA, duka, usingizi tu wa Jumamosi mchana? Ukichukua jioni tatu, mpe jioni zake, na siku hizo uwe nyumbani na watoto, sio nyumbani na simu. Msimu ukianza utachukua zaidi, msimu ukiisha atachukua zaidi yeye. Andikeni kwenye karatasi, mkiwa wawili, pamoja na kiwango cha fedha ambacho hakivukwi. Asiposaini, hakuna mashindano.

Na kama ukimweleza yote, mkopo na vidonge na barua ya onyo, bado akakwambia, nenda Desemba, umalize ulichokianza? Wake hutushangaza. Basi nenda, lakini ongeza chakula kuanzia kesho ili usishuke zaidi ya nusu kilo kwa wiki, maji unywe mpaka mwisho, na uridhike na nafasi yoyote utakayopata. Chukua siku za likizo kwa wiki ya mashindano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za mwaka zenye malipo, lakini usizimalize zote kwa ajili ya kaptula ya ufukweni, mkeo anazo hesabu zake na hizo siku. Na safiri siku moja kabla, usishuke kwenye basi ukapande jukwaani.

Kazini mwambie bosi kwa ufupi kwamba ulikuwa kwenye mlo mkali na umeubadilisha. Usilete habari za misuli. Malipo yanayozidi kiasi fulani omba mwenzako ayatazame kabla hujayatuma, kwa muda.

Baba mkwe nimemwacha mwisho kwa kuwa ni rahisi. Usisubiri Krismasi. Panda Kibosho Jumapili moja baada ya ibada, wewe na mkeo na watoto, bila bakuli. Mtangulize shemeji yako amwambie mzee mnakuja. Isale, lile jani la Kichagga la kuombea msamaha, usibebe, hilo ni la mambo mazito na mzee atadhani umefanya jingine asilolijua. Beba sukari, nyama, na kama anatumia, mbege. Mwambie, "Baba, siku ile nilikosa adabu, nimekuja kula." Usimweleze protini. Atakupa kipande, na kama namjua mzee wa aina hiyo kitakuwa kikubwa na chenye mafuta makusudi. Kimalize chote. Kwa mtu anayepungua kwa kasi yako, mlo mmoja wa ndafu hauharibu kitu, pengine ndio utakaokupa usingizi wa kwanza tangu Septemba.

Ukimaliza kuzungumza na mkeo niandikie alisemaje, hata kama ni kwa mistari miwili. Na kama kuna kopo la protini hujalifungua, angalia risiti, lirudishe dukani wiki hii.

Shangazi